Nani Kambeba Mwenzake

Anayenunua kamera yake ya kwanza ya DSLR, yaani yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilishwa, hupewa mawaidha mengi, na moja halikosekani: lenzi kubwa usiifunge kwenye kamera ndogo, itaing'oa mdomo. Mdomo unaosemwa ni ile pete iliyo usoni pa kamera, inayopokea lenzi na kuishika baada ya kuizungusha kidogo mpaka ilie tak. Onyo lenyewe lina sura ya busara. Chukua Canon EOS 100D ya mwaka 2013, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza na wasiopenda kubeba mizigo: pamoja na betri na kadi yake ina gramu 407. Kisha chukua lenzi ambayo wapigapicha wengi wa harusi na wa michezo huitamani, Canon ya milimita 70–200 yenye tundu la f/2.8, toleo lililotoka mwaka 2010: gramu 1,490. Ukizifunga pamoja, anayetazama kwa mbali haoni kamera. Anaona bomba jeupe lenye kitu cheusi mkiani. Jicho linakataa, na jicho likishakataa akili hutafuta sababu, na sababu ya kwanza kufika ni kwamba kilicho kidogo ndicho kitakachoumia. Mimi nasema akili hapo imebisha mlango sio. Onyo hilo linachukulia kwamba kamera ndiyo inayobeba lenzi. Kwa anayejua kushika vyombo vyake, lenzi ndiyo inayobeba kamera, na ikiwa hivyo wepesi wa kamera ni nafuu kwa mdomo wake.

Tuanze na hesabu, maana hapa hesabu ni fupi kuliko maneno. Kinachoutesa mdomo wa kamera ni uzito ukizidishwa kwa umbali. Ndoo ya maji ukiikumbatia kifuani unaweza kupiga nayo soga. Ukiishika kwa mkono ulionyooshwa, dakika haipiti bega linalalamika, na maji hayajaongezeka hata tone. Lenzi hiyo ya 70–200 ina urefu wa sentimita 20 hivi, na kwa makadirio kitovu cha uzito wake kiko sentimita 10 mbele ya mdomo. Mtu akishika kamera peke yake na kuiacha lenzi ielee mbele, mdomo unakabiliwa na gramu 1,490 mara sentimita 10, yaani gramu-sentimita 14,900 za nguvu ya kupinda. Sasa ahamishe mkono, aikamate lenzi kutoka chini, kamera ndiyo ielee nyuma. Kinachoning'inia kwenye mdomo sasa ni gramu 407, na kitovu cha uzito wa kamera kiko karibu sana na mdomo, tuseme sentimita 2. Jibu ni gramu-sentimita 814. Vyombo ni vilevile, uzito wote ni uleule wa karibu kilo 1.9, lakini mdomo umepunguziwa adha mara 18. Mtu anaweza kubishana nami kuhusu sentimita moja huku au kule, na hesabu haitageuka. Kisha fanya jaribio moja zaidi kichwani: ondoa 100D, weka Canon EOS-1D X, kamera ya weledi iliyotoka mwaka 2012, yenye gramu 1,530 ikiwa na betri. Lenzi imeshikwa vilevile kutoka chini. Kwa umbali uleule wa sentimita 2, mdomo sasa unabeba gramu-sentimita 3,060, karibu mara nne ya ile kamera ndogo. Kamera ya gharama imeongeza mzigo mahali ambapo tuliambiwa kamera ndogo ndiyo ingezidiwa.

Haya yasingekuwa na maana kama viwanda vyenyewe vingekuwa vinapanga lenzi na kamera kwa kulinganisha uzito. Havifanyi hivyo, na havijawahi. Mwaka 1993 Canon ilitoa lenzi ya milimita 1200 yenye tundu la f/5.6, iliyotengenezwa kwa kuagizwa, na uzito wake ulikuwa kilo 16.5. Hakuna kamera ya Canon ya mfumo huo iliyowahi kuikaribia. Ukiifunga kwenye 1D X, lenzi inaizidi kamera zaidi ya mara 10, ilhali ile 70–200 inaizidi 100D kwa mara tatu na nusu na ushee. Hata lenzi ya kawaida ya viwanja vya mpira na mbuga za wanyama, kama ile ya milimita 600 yenye tundu la f/4 ya toleo la pili, ina gramu 3,920, zaidi ya mara mbili na nusu ya 1D X yenyewe. Kwa hiyo wapigapicha wa Olimpiki na wa Kombe la Dunia wamekuwa wakifanya kazi miaka yote na kamera nyepesi nyuma ya lenzi nzito. Tunachowaonya wanaoanza wasikifanye ndicho kilichojaza kingo za viwanja. Wala hakuna aliyewahi kumwambia mpigapicha wa gazeti kwamba 1D X yake ni ndogo mno. Macho yetu yanaivumilia kwa sababu ni pana, nyeusi na ina mshiko wa pili chini. Yaani, tunahukumu kwa umbo, halafu tunasingizia uzito.

Tena viwanda vimeacha ushahidi mwingine, ambao kwangu una nguvu zaidi kwa sababu ni wa kibiashara. Mwaka 2006 Canon ilitoa lenzi ya milimita 17–55 yenye tundu la f/2.8 kwa ajili ya kamera zenye sensa ndogo tu, familia ileile ya 100D. Haiwezi hata kufungwa kwenye kamera za sensa kubwa za kampuni hiyohiyo. Lenzi hiyo ina gramu 645, kwa maana nyingine inaizidi 100D nzima kwa zaidi ya nusu. Nikon nayo ilikuwa na ya kwake ya 17–55 kwa kamera zake za sensa ndogo, gramu 755. Kampuni zinazolazimika kutengeneza bure kifaa kilichoharibika ndani ya muda wa dhamana hazikuona tabu kuuza lenzi nzito kuliko kamera. Angalia pia lenzi zipi huja na mguu, ile pete inayozunguka tumbo la lenzi na kuwa na kisigino cha kufungia tripodi. Canon 70–200 ya f/4 iliyotoka mwaka 1999 ina gramu 705, na iliuzwa bila mguu. Aliyeutaka aliununua kando. Dada yake wa f/2.8, mwenye gramu 1,490, huja na mguu wake ndani ya boksi. Mahali fulani kati ya uzito huo na huu, wahandisi walichora mstari na kusema: kuanzia hapa, lenzi ishikwe yenyewe. Mstari huo hauulizi kamera iliyo nyuma ni ya nani wala ya bei gani. Ni sharti moja kwa wote, mwanafunzi na bingwa.

Mwenye mashaka atasema kwamba mdomo wa 1D X na wa kamera ya bei nafuu haufanani, na hapo ana haki ya kusikilizwa. Vipimo ni vilevile, upana wa milimita 54 tangu mfumo wa EF ulipozinduliwa mwaka 1987, lakini kilicho nyuma ya pete kinatofautiana. Kamera za weledi zina fremu ya magnesiamu. Za wanaoanza nyingi zina plastiki iliyoimarishwa. Plastiki, hata hivyo, ni jina la ukoo mpana. Nikon D5300 ya mwaka 2013 ilijengwa kwa ganda moja la plastiki yenye nyuzi za kaboni, kitu ambacho hakuna mtu angekiita dhaifu kama kingekuwa kwenye gari la mashindano. Dhaifu wa kweli yupo, na ni vizuri kumtaja: Canon EOS 4000D ya mwaka 2018, ambayo kampuni iliibana bei mpaka ikaweka mdomo wa plastiki badala ya chuma. Lenzi ya kilo moja na nusu ikifungwa na kufunguliwa humo mara kwa mara itaikwaruza plastiki hiyo, na mwenye kamera hiyo asizembee hata mara moja kuishika lenzi. Ila kumbuka kwamba kamera moja ya namna hiyo haiwezi kutoa hukumu kwa ukoo mzima, wenye mifano mingi yenye midomo ya chuma.

Na madhara yenyewe yakitokea yana sura gani? Watu huwaza kamera iliyokatika vipande viwili. Hilo hutokea mtu anapoanguka ngazini na vyombo vyake, na likitokea, kamera kubwa nayo haisalimiki. Madhara ya kawaida ni ya kimyakimya. Kutoka mdomo mpaka sensa kwenye mfumo wa EF ni milimita 44 kamili, na pete inatakiwa iwe sambamba na sensa pande zote. Kwa tundu la f/2.8 na sensa ndogo, picha inavumilia kosa la takriban sehemu moja ya kumi ya milimita kwa jumla, mbele na nyuma. Likizidi hapo, upande mmoja wa picha unaanza kulainika wakati mwingine bado ni mkali. Skrubu zilizolegea kidogo zinatosha. Kwa hiyo anayejali asiangalie nyufa, aangalie kingo za picha zake. Na hapa lenzi nzito yenye tundu pana inajitia kitanzi yenyewe: ndiyo inayoweza kuulegeza mdomo, na ndiyo inayoonyesha haraka kwamba umelegea. Lenzi ndogo ya 18–55 inayokuja na kamera, ikiwa kwenye f/5.6, ingeficha kosa hilo kwa miaka.

Sasa tuseme kinachoharibu, maana kukanusha onyo la uongo hakutoshi ikiwa hatari ya kweli imejificha nyuma yake. Mharibifu wa kwanza ni tripodi iliyofungwa mahali pasipo pake. Mtu ananunua lenzi ya mtumba iliyopoteza mguu wake, au ana mguu lakini anaona uvivu kuufunga, basi anachukua skrubu ya tripodi na kuifunga chini ya kamera. Lenzi yote inabaki hewani, na mdomo unabeba zile gramu-sentimita 14,900 kwa saa mbili za sherehe bila kupumzika, huku kila mtoto anayepita mbio akiutikisa mguu wa tripodi. Mharibifu wa pili ni mkanda. Kamera ikining'inia shingoni na lenzi ikitazama chini, mdomo unavutwa moja kwa moja bila kupindwa, na huo ni mzigo mwepesi. Tatizo ni kwamba lenzi hiyo haitulii. Mpigapicha anapanda bodaboda kutoka kanisani kwenda ukumbini, lenzi inalala juu ya paja, kamera inabaki imeinuliwa na mkanda, na kila tuta la barabarani linapiga mdomo kama nyundo ndogo. Mkanda wa lenzi ya namna hii ungefungwa kwenye mguu wake, au lenzi ingetolewa na kutiwa begini. Hakuna hata kimoja kati ya hivi viwili kinachotokana na udogo wa kamera. Vyote viwili ni kuikamata kamera na kuisahau lenzi.

Kwa hiyo jambo linaishia mkononi, na mkono wenyewe ni wa kushoto. Mtu anayetumia lenzi ndogo ya gramu 200 huzoea kufanya kila kitu kwa mkono wa kulia: anashika, anabonyeza, anaangalia skrini ya nyuma, wa kushoto ukiwa umebeba simu au soda. Akipewa lenzi nzito anaendelea na mazoea hayo, na vidole vya kulia vinaumia, naye anailaumu kamera kwamba ina mshiko mdogo. Mshiko wa 100D kweli ni mdogo. Kwa mtu mwenye kiganja kipana, kidole cha mwisho hakina pa kukaa, kinajikunja chini ya kamera. Lakini lenzi nzito haitakiwi kubebwa na mkono huo hata kidogo. Kiganja cha kushoto kinakaa chini ya lenzi, karibu na mguu wake, kidole gumba na cha shahada vikiwa tayari kuzungusha pete ya zumu. Kiwiko kinaegemea mbavu. Mkono wa kulia unabaki na kazi ya kubonyeza na kuizuia kamera isipinduke. Kwa ile jozi yetu, kitovu cha uzito wa vyote viwili kinaangukia sentimita 7 hivi mbele ya mdomo, ndani kabisa ya kiganja cha kushoto.

Kuna pingamizi la uwiano: kwamba lenzi nzito mbele na kamera nyepesi nyuma zinaelekea chini, na kwamba kamera nzito ingeifanya jozi itulie. Nusu yake ni kweli. Kitu kizito hutetereka polepole kuliko chepesi. Lakini uzito huo tayari upo ndani ya lenzi. Kuongeza kilo nyingine nyuma kunaongeza utulivu kidogo na uchovu mwingi, na mkono uliochoka hutetemeka vibaya kuliko mkono mwepesi. Isitoshe, kwa Canon na Nikon za DSLR kifaa cha kutuliza mtetemo kiko ndani ya lenzi. Kamera haina mchango wowote, iwe ya bei gani. Ninachokubali bila masharti ni uchovu. Kilo 1.9 kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa sita usiku ni adhabu, na mtu mwenye mgongo mbovu hahitaji fizikia kumshawishi. Ila huyo ashauriwe lenzi nyepesi, kama ile 70–200 ya f/4 yenye nusu ya uzito. Akishauriwa kununua kamera nzito kwa ajili ya uwiano, ameongezewa mzigo kwa jina la kupunguziwa.

Yote haya yasimfanye mtu adhani kwamba jozi hizi hazina kasoro. Zinazo, na ninaona onyo la uzito limefanya dhambi kubwa zaidi kwa kuzificha kasoro hizo kuliko kwa kuwatisha watu bure. Ya kwanza ni njaa. Mota ya fokasi na kifaa cha kutuliza mtetemo vinakula umeme wa kamera, na 100D inatumia betri ya LP-E12 ya volti 7.2 na milliampea-saa 875. Ile 1D X ina betri ya volti 11.1 na milliampea-saa 2,450. Mwenye kamera ndogo na lenzi kubwa asitoke nyumbani na betri moja. Ya pili inawahusu watu wa Nikon, na imewaliza wengi kwenye maduka ya mitumba: kamera zake za wanaoanza, kuanzia D40 ya mwaka 2006 mpaka D3500 ya mwaka 2018, hazina mota ya fokasi ndani yake. Lenzi ya zamani kama 80–200 ya f/2.8D, imara kama nguzo na yenye bei ya kushawishi, inafunga vizuri kabisa kwenye mdomo wa D3500 kisha inakataa kufokasi yenyewe. Mnunuzi aliyetahadharishwa kuhusu gramu 1,300 za lenzi hiyo hakuambiwa lolote kuhusu mota. Ya tatu ni pembe. Sensa ndogo inakata kingo, kwa hiyo milimita 70 kwenye Canon ya wanaoanza inaona kama milimita 112. Ndani ya sebule ambamo bibi harusi anavishwa na mashangazi wanne wamemzunguka, mpigapicha atarudi nyuma mpaka ukutani na bado atapata uso na shela tu. Lenzi hiyo inataka ukumbi, uwanja au mbuga.

Penye ukumbi, lakini, hesabu inageuka kwa upande wake kwa nguvu. Lenzi nyepesi ya 55–250 ikivutwa kufika milimita 200 inabaki na tundu la karibu f/5.6. Lenzi ya f/2.8 kwa urefu huohuo inaingiza mwanga mara nne. Kwenye ukumbi wa taa za rangi, hiyo ndiyo tofauti ya kupiga kwa ISO 6400 au kwa ISO 1600, na sensa ndogo za kamera za wanaoanza ndizo zinazoteseka zaidi ISO ikipanda. Tazama mashavu ya bwana harusi katika picha mbili hizo: katika ya kwanza kuna chenga za rangi zilizotapakaa kwenye ngozi nyeusi, hasa kivulini chini ya taya, katika ya pili ngozi imebaki ngozi. Kwa hiyo kamera dhaifu ndiyo inayoihitaji lenzi nzuri kuliko kamera yenye nguvu, ambayo ingeweza kujisaidia yenyewe kwa sensa yake. Wanaosema lenzi ya gharama inapotezwa kwenye kamera ya bei nafuu wameiweka dawa kwa aliye mzima.

Fedha nazo zina upande. Canon EOS 300D ilipotoka mwaka 2003 ikawa DSLR ya kwanza kuuzwa chini ya dola 1,000, ikiwa na megapikseli 6.3, na leo hakuna anayeitafuta. Lenzi ya EF iliyonunuliwa mwaka huohuo bado inafunga na kufokasi kwenye 250D ya mwaka 2019, na kwa adapta inaingia kwenye kamera zisizo na kioo za mfumo wa RF ulioanza mwaka 2018. Kamera huzeeka kama simu. Lenzi huzeeka kama nyumba ya mawe, polepole na kwa kutunzwa. Mwenye fedha ya kimoja tu, akinunua lenzi kwanza na kubaki na kamera yake ndogo kwa miaka kadhaa, hajafanya ujinga. Kuna watakaojibu kwamba anayeanza ajifunze kwanza kwa lenzi ndogo, na kwamba wengi wanaobeba bomba jeupe wanabeba ili mteja aone kazi ipo. La pili ni kweli mtaani kwetu, na silitetei, ingawa mteja akituliza roho kwa kuona lenzi sijui kama amedhulumiwa. La kwanza lina ukweli kwa mtu anayejifunza kupanga picha. Halina nguvu kwa mtu aliyekwishajua anachokitaka na kizuizi chake ni mwanga au umbali.

Umbali unaonekana wazi zaidi kule Serengeti na Maasai Mara. Wageni hawaruhusiwi kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa, na tripodi ndani ya gari ni usumbufu mtupu, kwa hiyo wengi hutumia kifuko cha nguo ambacho huja nacho kitupu na kukijaza maharage au mchele sokoni baada ya kufika. Kifuko kinawekwa kwenye ukingo wa paa lililofunguliwa, dereva anazima injini, na lenzi ya milimita 150–600 yenye karibu kilo mbili inalazwa juu yake. Ni mpango uleule wa kiganja cha kushoto, ila umeondolewa uchovu. Kamera iliyo nyuma inaweza kuwa ya gramu 400. Haigusi kitu, imekaa nyuma ya lenzi na jicho limeibana. Kikwazo pale kitakuwa kingine, nacho ni kasi: 100D inapiga picha nne kwa sekunde na ina alama tisa za fokasi, na duma hasubiri. Kwa simba aliyelala, au tai aliyetua juu ya mgunga, hakuna atakayetofautisha.

Kamera hizi sasa zimejaa kwenye mitumba, kwani viwanda vimehamia kwenye zisizo na kioo, na nyingi zimepitia mikono isiyojulikana. Anayenunua asidanganywe na mwili uliong'arishwa, wala asiikatae kwa sababu muuzaji anamwonyesha picha alizozipiga kwa lenzi kubwa. Afunge lenzi, aishike lenzi kwa mkono mmoja na kamera kwa mwingine, ajaribu kuvitikisa taratibu: kucheza kidogo kwa kuzunguka ni kawaida, kuchezacheza juu na chini si kawaida. Kisha abandike gazeti ukutani, aweke kamera sambamba nalo, afungue tundu la lenzi mpaka mwisho, apige, na akuze picha kusoma herufi za ukingo wa kushoto na wa kulia. Upande mmoja ukiwa na ukungu, abadilishe lenzi na kupiga tena. Ukungu ukihama au ukitoweka, kasoro ilikuwa ya lenzi. Ukibaki palepale, huenda mdomo wa kamera ndio uliopinda, na hapo amuulize muuzaji tripodi alikuwa akiifunga wapi.